Sebule ya Nchi ya Baridi

Nimeharibu pesa za watu wawili: zangu, na za dada yangu mdogo anayeishi Kaaleng. Zangu ziliondoka na ujinga wangu, nimeshazililia zikaisha. Za dada ndizo zinazonifanya niandike.

Nilipojenga Lodwar nilikuwa na mkopo wa sako na simu iliyojaa picha. Kila jioni nilipekua sebule za watu nisiowajua, mpaka nikachagua mtindo unaoitwa wa Skandinavia: kuta nyeupe pe, madirisha mapana ya vioo, zulia la manyoya, sofa la kijivu, siling ya jipsam yenye taa zilizozama ndani. Fundi aliniuliza swali moja tu la maana: “Mwalimu, madirisha haya yaelekee wapi?” Nikamjibu yaelekee barabarani, ili yaonekane. Barabara iko magharibi. Upande wa kusini-mashariki, unakotoka upepo ule ule uliofanya mitambo 365 ya umeme wa upepo isimikwe Loiyangalani, ng'ambo ya Ziwa Turkana, niliweka ukuta mtupu wa kutundikia televisheni.

Sikujiuliza picha zile zilitoka nchi gani. Huko Uswidi na Norwe, majira ya baridi jua huonekana saa chache tu kwa siku, na sehemu nyingine halichomozi kabisa. Ukuta mweupe unatunza mwanga mchache uliopo. Kioo kipana kinaliita jua ndani. Zulia nene linakinga miguu isigande. Kila kitu kwenye picha kilikuwa na kazi yake, na kazi hiyo ni kupambana na giza na baridi. Lodwar mchana joto hupita nyuzi 35 kama mchezo, na mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 200. Nilikuwa nimemeza dawa ya ugonjwa nisiougua.

Saa tisa alasiri jua lilijaa sebuleni lote. Nikanunua pazia nzito kufunika vioo nilivyovilipia. Pazia zikaleta giza, nikawasha taa mchana. Feni ilizungusha joto lile lile. Sofa la ngozi bandia lilimganda mtu mapajani, na alipoinuka lilitoa sauti ya plasta inayobanduliwa. Zulia lilinywa vumbi, na siku moja mke wangu alilikunja akakuta nge ametulia chini yake. Usiku kuta za bloku zilianza kutema joto zililolimeza mchana, tukalala uani. Wageni waliisifu sebule wakiwa mlangoni, kisha wakaomba viti vitolewe nje.

Mpaka hapo hasara ilikuwa yangu. Lakini nilipiga picha asubuhi na mapema, kabla jua halijafika, nikazituma nyumbani. Dada yangu alizipenda. Akanipigia simu: “Kaka, na hiyo nyumba haina joto?” Nikamwambia haina. Niliona aibu kukiri kwamba ninalipia mkopo wa chumba nisichoweza kukaa.

Akauza mbuzi ili ajenge sebule kama yangu. Akapandisha vioo kwenye lori, kimoja kikavunjika njiani. Kaaleng sola yake ndogo inatosha taa na simu, feni haiiwezi. Na ili apate nafasi, aliibomoa ekol ya mama.

Kwa asiyejua boma la Waturkana: mchana una makao yake na usiku una yake. Ekol ni kivuli cha mchana, matawi na makuti ya mkoma yanayopitisha upepo. Akai ni ya kulala. Mwanamke ndiye mjenzi na ndiye mwenye nyumba. Vyombo vya maziwa hutundikwa, ngozi hutandikwa na kukunjwa. Mzee ana ekicholong, kigoda anachokalia mchana na kulazia kichwa usiku, na akihama anakibeba mkononi. Mama alipoulizwa kuhusu sebule mpya alisema ni nzuri. Akaenda kukaa chini ya mti.

Siwezi hata kusingizia kwamba hakuna aliyetuonyesha njia. Karibu na Ziwa Turkana kuna chuo cha Startup Lions, kilichokamilika mwaka 2021. Msanifu wake ni Francis Kéré wa Burkina Faso, aliyepata Tuzo ya Pritzker mwaka uliofuata. Aliviangalia vichuguu virefu vya mchwa vilivyotapakaa kwetu, akajenga minara inayotoa hewa ya moto juu huku hewa ya baridi ikiingia kupitia matundu ya chini. Nilifika pale. Nikaipiga minara picha, nikarudi zangu kuchagua rangi ya mito ya sofa.

Kwa hiyo wewe unayejenga sasa, rangi iache kwanza. Simama kwenye kiwanja saa tisa alasiri. Tazama jua linaingilia wapi, upepo unatokea wapi, na watu wa nyumba hiyo wanapenda kukaa wapi saa hiyo. Uliza nani atafagia vumbi, na kwa maji gani. Ukishajua hayo, weka rangi uitakayo. Mikeka na vikapu vya mkoma vya kina mama wetu vina rangi za kutosha.

Kwangu nimetoboa ukuta wa televisheni nikaweka dirisha. Kaaleng tulimjengea mama ekol nyingine, yeye mwenyewe akisimamia na kutukosoa. Siku hiyo nilimwambia dada ukweli. Hakukasirika kwa sauti. Alisema tu, “Nilikuuliza, kaka.”

Mbuzi ninamlipa kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi. Kwa lile jibu la kwenye simu sina cha kulipa, na ndiyo sababu nimelisema hapa mbele za watu.