Macho Yasiyo na Pazia

Macho hayana pazia, husema Waswahili, na kwa kawaida methali hiyo hutumika kumsamehe mtu aliyetazama asichopaswa. Mimi imenibidi niisome upya, neno kwa neno. Kope zangu za juu zimevutwa nyuma, usiku hazifungi sawasawa, na nisipopaka dawa naamka macho yamekauka kama yametiwa mchanga.

Lugha yetu humsoma mtu machoni. Mwenye hasira katoa macho, mwenye tamaa kayakodoa, mwenye haya huyainamisha. Sasa jamani, mtu ambaye macho yake yametolewa na ugonjwa, atasomwaje? Konda wa daladala ameshaniuliza: "Dada, mbona unanitolea macho, chenji si nimeshakupa?" Nami nilikuwa natazama dirisha tu.

Ugonjwa wenyewe una majina mawili. Waingereza huuita wa Graves, kwa jina la daktari wa Dublin aliyeueleza mwaka 1835. Wajerumani huuita wa Basedow, daktari wa Merseburg ambaye mwaka 1840 aliandika juu ya mambo matatu yanayoandamana: rovu, moyo kwenda mbio na macho kutokeza. Graves kwa Kiingereza ni makaburi. Nikimtajia mtu jina hilo, haraka naongeza kwamba ni la mtu.

Ni kisa cha mlinzi aliyemgeukia mwenye nyumba. Kingamwili, ambazo kazi yake ni kupigana na wageni, huishika tezi ya shingo na kuiamuru itoe homoni bila kikomo. Vidonge vya kabimazoli viliituliza tezi yangu. Macho hayakusikia. Nyuma ya jicho kuna seli zenye vipokezi kama vya tezi. Zikichokozwa, mafuta na misuli huvimba, na kwa kuwa mfupa hautanuki, jicho husukumwa mbele.

Steroidi za dripu hupoza uvimbe huo, ila hugusa mwili mzima. Ni sawa na kuizima redio ya jirani kwa kukata umeme wa mtaa. Ndiyo maana nilisoma kwa hamu kuhusu teprotumumabu, iliyoidhinishwa Marekani Januari 2020. Dawa hii ilianza kutafutwa kwa ajili ya saratani. Yenyewe huziba kipokezi kimoja, IGF-1R, kinachoshirikiana na kile cha tezi kuzichokoza seli za nyuma ya jicho. Dripu nane, moja kila wiki tatu. Wapo ambao macho yao yamerudi ndani; wapo pia waliopungukiwa usikivu au kupanda sukari. Bei yake kule, kwa dozi nzima, ni mamia ya maelfu ya dola. Nilianza kuibadili kwa shilingi, nikaacha katikati.

Watu hudhani ninalilia uzuri. Kinachoniuma ni kwamba uso wangu unasema maneno ambayo sijayasema, na siwezi kuyakanusha kwa kila abiria. Nyumbani ndiko kugumu zaidi. Mwanangu wa miaka minne alizoea kuniuliza, "Mama, umekasirika?" kabla hajaomba hata maji.

Siku hizi kabuni dawa yake, isiyo na bei. Akisimama mbele yangu hufumba macho yeye, kisha huniambia, "Mama, sema kwanza." Nikisema, sauti anaijua.