Bembea zilizozishinda moto na matingatinga

Ukimsikia mtu akidai kuwa bembea ni mambo ya watoto, mtajie Coney Island. Ni ufuo ulio kusini mwa Brooklyn, jijini New York, ambako watu wazima wenye ndevu na mvi wamekuwa wakilipa pesa zao ili watishwe tangu mwaka wa 1884.

Aliyewazoesha hakuwa mhuni. Bw LaMarcus Thompson alikuwa mfanyabiashara wa soksi, tena mtu wa dini, aliyechukizwa na vilabu vya pombe na madanguro yaliyojaa ufuoni. Akajenga reli ya mbao yenye mabonde na vilima. Ulipanda mnarani, ukaketi kwenye benchi lenye magurudumu, ukateremka kwa mwendo wa kilomita 10 hivi kwa saa. Mkokoteni wa Gikomba ukishika mteremko ungelipita benchi hilo! Hata hivyo, watu walipanga foleni na senti tano mkononi.

Wengine waliona faida. Mnamo 1897 Bw George Tilyou alifungua Steeplechase, palipokuwa na farasi wa mbao walioshindana juu ya reli. Luna Park ilifuata 1903 na safari ya kuigiza ya kwenda mwezini, kisha Dreamland 1904. Lakini kwa mbao na plasta, moto haukuwa mbali. Steeplechase ilipoteketea 1907, Bw Tilyou, mjanja yule, aliwatoza watu senti kumi kutazama majivu, akajenga upya. Dreamland iliungua 1911 na haikuinuka tena.

Gari la moshi la chini kwa chini lilipofika ufuoni 1920, kibarua na familia yake waliweza kuja kwa senti tano. Mwaka huo huo likafunguliwa Wonder Wheel, gurudumu la urefu wa mita 46 lenye vibanda 24. Vinane vimefungwa imara. Vile 16 vingine huteleza juu ya reli ndani ya gurudumu lenyewe, ukidhani umetupwa baharini. Umeme ulipopotea jijini usiku mmoja wa Julai 1977, lilizungushwa kwa mikono hadi abiria wote wakashuka.

Mnamo 1927 likaja Cyclone, gari la kuteremka kwa kasi ya kilomita 96 kwa saa. Miaka ya sabini lilitakiwa kubomolewa ili hifadhi ya samaki iliyo jirani ipanuliwe. Wakazi walipiga kelele, likapata mwendeshaji mpya 1975, na mwaka wa 1988 likatangazwa kuwa turathi ya jiji. Ndugu yake, Thunderbolt la 1925, hakuwa na bahati hiyo. Baada ya kukaa miaka mingi bila kazi, jiji lilituma matingatinga mwaka wa 2000, likawa kifusi.

Msomaji, kisa hicho kiliniuma kwa sababu naishi mtaa ambao uwanja wake wa watoto ulizungushiwa mabati siku moja, na sasa ni maegesho ya magari. Sisi wazazi tulinung'unika ngazini, tukaingia ndani kupika chajio. Ndiyo maana namheshimu mhamiaji mmoja kutoka Ugiriki, Bw Denos Vourderis. Akiwa mchuuzi wa soseji mwaka wa 1948, alimwahidi mchumba wake Lula kwamba siku moja angemnunulia Wonder Wheel. Mchuuzi wa soseji! Alilinunua mwaka wa 1983, akalikarabati, na jamaa yake wangali wanalimiliki.

Nilipofika huko kwa shughuli za kikazi, nilikata tiketi. Ukienda nawe, uliza mapema ni foleni ipi ya vibanda vinavyoteleza na ipi ya vile vilivyotulia. Mimi nilikwenda kwa vilivyotulia, cheka usicheke, nikaketi na bibi mmoja mwenye wajukuu watatu waliokuwa wakimlaumu kwa woga wake.