Aliyefia Dhadna

Ndugu zangu mnaoishi Dubai, mkipata siku ya mapumziko, acheni maduka makubwa mwelekee mashariki. Kwa gari ni kama saa moja na nusu, mkiivuka milima ya Hajar hadi Dhadna, pwani ya Fujairah, kati ya Dibba na Khor Fakkan. Hapo, Februari 1943, ilianguka ndege ya kivita ya Uingereza aina ya Wellington. Sajenti William Donnell alifariki. Kumbukumbu yake imewekwa hukohuko.

Kama mna watoto, anzieni Sharjah. Uwanja wa ndege wa zamani, uliofunguliwa 1932, sasa ni Makumbusho ya Al Mahatta, na njia ya kurukia ndege imekuwa barabara ya mjini. Enzi hizo Dubai ya maghorofa haikuwepo.

Katika vita ile Uingereza haikuwa ikirudisha maiti za wanajeshi wake nyumbani. Mtu alizikwa karibu na alikofia. Ndiyo maana hata kwetu, kwenye makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, Nairobi, wamelala vijana wa jeshi la anga waliotoka mbali.

Mimi ni muuguzi, na habari hizi hunigusa kwa sababu ya kazi. Mwenzetu akifariki hapa, kuna cheti cha kifo, kufuta viza, kuitia maiti dawa, nafasi ya jeneza kwenye ndege, na michango ya WhatsApp. Yote hayo hufanyika, mradi ndugu wamejulikana. Kuna kijana mmoja alifariki simu yake ikiwa imefungwa kwa namba ya siri. Siku tatu tulizunguka kwenye vikundi vya Waswahili tukiuliza nani anakijua kijiji chao. Mama yake alikuwa bado anamtumia salamu za asubuhi.

Mwanajeshi huandikisha ndugu wa karibu kabla ya kwenda vitani. Sisi tunaokuja kutafuta riziki tunaona kufanya hivyo ni kujitakia mabaya.

Basi leo, kabla hamjalala, andikeni kwenye karatasi jina kamili, namba mbili za ndugu, kijiji, na mnakotaka kuzikwa. Nakala moja mpeni mnayeishi naye chumba kimoja, nyingine itumeni nyumbani. Yangu iko ndani ya pasipoti.