Vulamba: Gari lina nguvu, lakini haliondoki

Butembo – Jioni umeme ukiwepo, au jenereta ikipata mafuta, vyumba vya michezo ya video katika tarafa ya Vulamba havikosi watu. Ni chumba cha mbao, televisheni moja au mbili, PlayStation ya zamani, benchi, na vijana wanaosubiri zamu yao ya kushika maneti. Wengi wanataka mpira. Lakini lipo kundi dogo linalopenda mbio za magari, na hilo lina swali lake moja: kwa nini gari lenye nguvu nyingi linaachwa pale pale kwenye mstari wa kuondokea?

Katika kundi hilo wamo wenyeji, na wamo watoto wa familia zilizohama. Butembo imepokea watu kutoka pande za Beni tangu mauaji ya Oktoba 2014, na kutoka kusini mwa Lubero, hasa baada ya Kanyabayonga kuingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Juni 2024. Kijana aliyefika jana hana jina mtaani, hana timu ya mpira, na wakati mwingine hata shule bado hajapata. Akijua kuliondosha gari vizuri mbele ya wenzake, siku hiyo hiyo anapata jina. Ndiyo maana jambo hili, ingawa ni mchezo, kwake si dogo.

Mchezo wenyewe ni Gran Turismo 4, uliotoka Japani mwishoni mwa mwaka 2004. Ni wa zamani, lakini unaruhusu kurekebisha gari karibu kama kwenye garaji: vitesi, pine, springi, hata nguvu ya injini. Ndani yake kuna njia ya Las Vegas, mita 400 zilizonyooka. Pale hakuna kona ya kumsubiri mwenzako akosee. Ukiondoka vibaya, mambo yamekwisha.

Kosa la wanaoanza ni lile lile kila siku. Wanakusanya pesa za mchezo, wananunua turbo kubwa, halafu wanakanyaga gazi yote. Pine za nyuma zinazunguka, moshi unajaa, na gari la mwenzao lenye nusu ya nguvu hiyo limekwisha pita. Benchi nzima inacheka.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme injini inatoa nguvu ya mzunguko ya nyutoni-mita 400. Vitesi ya kwanza ina kipimo cha 3.5, na difa ya nyuma ina 4. Zidisha zote tatu: zinafika pine nyutoni-mita 5,600. Pine ikiwa na sentimita 32 kutoka katikati hadi chini, huo ni msukumo wa karibu kilo 1,780. Lakini gari lina uzito wa kilo 1,400, na tuseme wakati wa kuondoka kilo 840 zimekaa nyuma. Pine nzuri kwenye lami kavu inashika karibu sawa na uzito ulio juu yake. Kwa hiyo injini inadai 1,780, barabara inatoa 840. Kinachobaki chote kinakuwa moshi. Tena pine ikishaanza kuzunguka ovyo, inashika hata kidogo kuliko mwanzo.

Kutokana na hapo, marekebisho yanajieleza. La kwanza ni vitesi ya kwanza: irefushwe, kipimo kishuke kutoka 3.5 hadi 2.6. Msukumo unashuka hadi karibu kilo 1,325, na kijana hahitaji kubadilisha vitesi haraka haraka. La pili ni pine. Mchezo unazigawa kwa herufi: N za kawaida, S za michezo, R za mashindano. Anayenunua turbo kabla ya pine amenunua moshi. La tatu ni springi za nyuma: zikilegezwa kidogo, gari linakaa chini kwa taratibu wakati wa kuondoka, na uzito unatua juu ya pine bila kuzishtua. La nne ni difa inayofunga pine mbili pamoja. Bila hiyo, pine iliyo nyepesi inazunguka peke yake na kula nguvu yote. Isifungwe hadi mwisho, maana kwenye kona gari litakataa kugeuka. Na mwenye gari linalosukuma kwa pine zote nne anatumia kilo zote 1,400, si zile za nyuma tu; ndiyo maana magari hayo hayatabiriki kushindwa pale mwanzoni.

Bado 1,325 ni nyingi kuliko 840. Sehemu iliyobaki ni kazi ya kidole. Kitufe cha X cha maneti ya PlayStation 2 kinapima uzito wa kidole: ukikigusa kidogo, gazi ni kidogo. Kwa maneti iliyochakaa, wajuzi wanatumia kijiti cha kulia badala yake. Wanaanza na nusu ya gazi, wanasikiliza mlio wa pine, na kuongeza kadiri gari linavyokimbia.

Aliyewafungua vijana macho si mchezaji. Ni shofere wa Fuso aliyehama kutoka upande wa Kanyabayonga, mzee ambaye hajawahi kushika maneti. Alikuwa amekaa nje akingoja mvua ipungue. Aliposikia kelele za kuchekana alichungulia, akatazama mara mbili tatu, kisha akasema kwa kifupi: "Nguvu iko, watoto. Kushika ndiyo hakuna."

Akawaeleza yale ambayo mashofere wa njia ya Lubero wanayajua kwa mateso. Kwenye matope lori haliondoshwi kwa vitesi ya kwanza na gazi nyingi. Linawekwa vitesi ya pili, ambreyaji inaachwa polepole, gazi kidogo sana, huku konvwayeri ameweka jiwe nyuma ya pine. Lori tupu linateleza kuliko lenye mzigo, kwa sababu nyuma hakuna uzito wa kukandamiza. Na pine moja ikianza kuchimba, kukanyaga zaidi ni kujichimbia shimo. Vijana walikuwa wamelisoma jambo hilo hilo kwenye kioo, ila hawakujua kama ni jambo la kweli. Tangu siku hiyo wanamwita Papa Shofere na kumpisha kwenye benchi.

Historia ya mbio za eneo letu inakubaliana naye. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1974, katika mvua na matope, Joginder Singh wa Kenya aliishinda kwa Mitsubishi Lancer ndogo ya injini ya 1600, na Porsche 911 ya Björn Waldegård, yenye nguvu zaidi, ikawa ya pili.

Katika Vulamba somo hili haliishii kwenye televisheni. Wengi wa vijana hao, wakifika miaka 17 au 18, wanatafuta pikipiki ya kufanya kazi ya motari. Milima ya Butembo inajulikana, matope pia. Motari mgeni anayepakia abiria wawili na gunia, kisha akafungua gazi ghafla kwenye mlima, ananyanyua pine ya mbele. Uzito umekwenda nyuma wote. Pale hakuna kitufe cha kuanza upya.

Kijana mmoja aliyehama kutoka pande za Beni, sasa hodari wa mita 400 kuliko wote, ameahidiwa pikipiki na mjomba wake. Mama yake alikataa katakata. Kwake, mchezo ndio uliomtia mtoto tamaa ya mwendo. Papa Shofere alikwenda kumsalimia mama huyo, wakazungumza. Walikubaliana hivi: kijana amalize kwanza mwaka wa shule, kisha ajifunze bila abiria, mahali tambarare, mzee akiwa pembeni, mlima na matope vitafuata. Na chumba cha michezo ni baada ya shule tu, si asubuhi.

Mama bado ana wasiwasi, na haki yake. Ila ameacha kusema kwamba mwanawe anapoteza wakati wote. Juzi alimuuliza mbona siku hizi gari lake kwenye televisheni halipigi kelele. Kijana akamjibu: "Mama, likipiga kelele haliendi."