Tundu la katikati halikutokana na kosa la mashini

Beni. Juma lililopita, kisha kipindi chetu cha asubuhi, mama mmoja mkimbizi wa ndani aliningojea mlangoni. Akafungua fundo la kitenge chake, akatoa sarafu ndogo yenye tundu katikati. Mwaka 1911 ulisomeka vizuri, na maneno Congo Belge pia.

«Mwandishi, nikopeshe dola 12,» akasema.

Komisyoneri mmoja alikuwa amemwambia kwamba tundu lile ni kosa la mashini, kwamba wazungu wananunua sarafu ya namna hiyo kwa dola 5,000, lakini kwanza alipe dola 30 za karatasi ya ushuhuda. Mama alikuwa na dola 18. Zilikuwa za masomo ya mtoto.

Sikumkopesha. Nilimkalisha kwenye benchi, nikamweleza jambo ambalo sijawahi kulisema kwenye redio kwa sababu ya haya: miaka miwili iliyopita mimi mwenyewe nilitoa dola 20 kwa habari kama hiyo. Yangu ilikuwa ya franka mbili, ya mwaka 1943, yenye picha ya tembo na pande sita. Niliambiwa kwamba mashini iliikata vibaya. Kumbe zote za franka mbili za mwaka ule zilitengenezwa na pande sita! Tena, kabla ya kuipeleka, niliisugua kwa mchanga na ndimu ili ing'ae. Wanaokusanya sarafu hawapendi iliyosuguliwa, kwa hiyo hata thamani kidogo iliyokuwa nayo niliipunguza kwa mikono yangu.

Basi, tundu. Sarafu za Kongo zilikuwa na tundu tangu zile za shaba za 1887, wakati wa Leopold II. Tazama ile ya mama: upande mmoja kuna nyota, na tundu limekaa katikati yake, upande wa pili herufi A zenye taji zimelizunguka. Aliyechora aliacha nafasi. Hata zile za senti kumi ambazo wazee wetu walileta kutoka Uganda zina tundu, na herufi ndogo H au KN unayoiona kwenye baadhi yake ni alama ya kiwanda cha Uingereza.

Tundu lililotobolewa nyumbani, ili mtoto avae shingoni, linajulikana upesi. Linakata herufi au picha, na ukipitisha kidole upande wa pili unasikia chuma kilichosukumwa nje.

Makosa ya kweli yapo. Picha inaweza kukaa upande mmoja na kuacha sehemu tupu, kwa sababu chuma hakikukaa sawasawa chini ya mashini. Tundu lenyewe linaweza kwenda pembeni. Au ukingo unakosa kipande chenye umbo la mwezi mchanga. Hapo tazama ukingo unaokabili kipande hicho, mara nyingi nao utakuwa hafifu, kama haukubanwa vizuri. Mtu akikata kwa tupa, upande ule mwingine unabaki mzima. Nyundo nayo inalaza chuma na kuacha jeraha. Haiongezi kitu juu ya picha.

Mama alisikiliza yote, kisha akauliza swali moja tu: «Sasa hii yangu ni ya bei gani?»

Nilimwambia ukweli: ni sarafu ya kawaida, imechakaa, haitalipa hata mwezi mmoja wa masomo. Alinyamaza muda mrefu. Akasema babu yake ndiye aliyeiacha, na kwamba walipokimbia usiku alisahau sufuria lakini hii hakuisahau.

Akaifunga tena kwenye fundo lake. Zile dola 18 akazitia upande mwingine wa kitenge, akaniomba nimsindikize mpaka shuleni, maana yule komisyoneri alikuwa anamngojea kwenye njia ya soko.