Kaitaba Yawangoja Watoto Wake

Ndugu msomaji, ukitaka kuiona Bukoba vizuri, usiingie kwa haraka. Panda meli jioni katika bandari ya Mwanza, lala na ngurumo za mashine chini ya kitanda chako, na kabla jua halijachomoza toka nje usimame ukingoni. Kwanza utafika Kemondo, ambako watu na mizigo huteremka gizani. Kisha kitajitokeza Kisiwa cha Musira, na nyuma yake majabali, vilima na mji uliokaa kati ya migomba na maji. MV Victoria, iliyorejea majini mwaka 2020 baada ya matengenezo makubwa, ndiyo iliyowarudishia wakazi wa Kagera safari hii. Wengi walikuwa wakiiogopa tangu siku ile ya 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na kuondoka na mamia ya roho.

Mandhari ya Bukoba yamekwisha sifiwa vya kutosha, nami sikwenda huko kuyaongezea sifa. Nilikwenda kutafuta jibu la swali moja ambalo huenda hata wewe, mzazi mwenzangu, umewahi kujiuliza katika mji wako: kwa nini kijana haipendi timu ya kwao?

Uwanja wa furaha na wa msiba

Kutoka bandarini si mbali kufika Uwanja wa Kaitaba. Ukisimama kwenye jukwaa lake unausikia upepo wa ziwa, na ukiinua macho unaviona vilima vinavyouzunguka mji. Nyasi zake ni za bandia, zilizotandikwa kwa msaada wa Shirikisho la Soka la Dunia, FIFA. Wakati kazi hiyo ikifanyika, katika msimu wa 2015/2016, Kagera Sugar ililazimika kuhama na kucheza michezo yake ya nyumbani katika viwanja vya mikoa mingine.

Lakini Kaitaba si uwanja wa mpira peke yake. Tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ilitetemeka, nyumba nyingi zikaanguka, shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zikabomoka, na watu zaidi ya 15 wakapoteza maisha. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ikatumbukia ziwani ilipokuwa ikikaribia kutua. Katika watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki dunia. Siku iliyofuata miili ya marehemu iliagwa hapo hapo Kaitaba.

Nakueleza haya, msomaji, kwa sababu moja. Siku ya msiba hakuna aliyeuliza kama uwanja ule ni wa kiwanda, wa manispaa au wa chama. Watu walikuja kwa sababu ulikuwa wao. Basi imekuwaje siku ya furaha wajihesabu kuwa wageni?

Wanankurukumbi washuka daraja

Kagera Sugar, ambao mashabiki wao huwaita Wanankurukumbi, ni timu ya kiwanda cha sukari kilichoko upande wa Kyaka, katika Wilaya ya Misenyi. Eneo hilo ndilo lililovamiwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978. Kabla ya timu hii, Bukoba ilikuwa na timu nyingine, na wazee hawachoki kukutajia RTC Kagera, ile ya kampuni ya biashara ya mkoa. Majina yamebadilika, lakini uwanja ni ule ule.

Kwa takribani miaka 20 Kagera Sugar ilikaa katika Ligi Kuu. Haikuwa timu ya kutwaa kombe, lakini ilikuwa timu ya kuogopwa. Hebu kumbuka tarehe 19 Mei 2018, katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Simba walikuwa hawajafungwa mchezo hata mmoja wa ligi msimu ule, na Rais John Magufuli alikuwapo uwanjani siku ya kukabidhiwa kombe lao. Kagera Sugar wakashinda kwa bao 1-0, lililofungwa na Edward Christopher. Kipa wao, Juma Kaseja, ambaye zamani alikuwa akililinda lango la Simba hao hao, akaokoa penalti ya Emmanuel Okwi. Sherehe ilifanyika, lakini mabingwa walisherehekea huku wamefungwa.

Kisha mambo yakageuka. Msimu wa 2024/2025 ulipomalizika, Kagera Sugar ilishuka daraja pamoja na KenGold. Msimu wa 2025/2026 ukawakuta katika ligi ya pili kwa ukubwa nchini, ile ya Championship, ambako Simba na Yanga hawaji.

Hapo ndipo ukweli ulipojidhihirisha. Kwa miaka mingi Kaitaba ilikuwa ikifurika siku mbili tu kwa mwaka, siku ya Simba na siku ya Yanga, na umati uliofurika ulivaa nyekundu au njano na kijani. Wengi wao walikuwa wenyeji wa Bukoba, lakini walikuwa wamekuja kumshangilia mgeni. Sasa mgeni haji tena, na mwenyeji amebaki na viti vyake.

Nilikaa jukwaani alasiri moja kuutazama mchezo wa ligi hiyo. Karibu yangu alikaa mzee mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye amekuwa akija hapo tangu enzi za RTC. Waliomzunguka walikuwa watu wa rika lake, wakipigiana kelele kwa Kihaya na kucheka kama watu waliosoma darasa moja. Nilimuuliza kama ana wajukuu.

"Ninao 6, na wanne ni wavulana," alijibu.

"Mbona hukuja nao?"

Alinyamaza kidogo akiutazama mpira. "Mwanangu, nilimleta mmoja mara moja. Akaniuliza, babu, mbona mchezo huu hauonyeshwi kwenye televisheni? Nikamwambia, huu ndio wenyewe, uko mbele yako. Hakunielewa."

Barabara ya Muleba

Kesho yake nilipanda basi dogo kuelekea Muleba, mwendo wa zaidi ya kilomita 60 upande wa kusini. Barabara inapita Kemondo na Muhutwe, na huku na huku ni vibanja vya migomba na mibuni, nyumba zikichungulia kati ya majani mapana. Kila baada ya mwendo mfupi utaona shule, na penye shule pana kiwanja, na penye kiwanja pana watoto. Nchi hii haina upungufu wa mpira, msomaji. Wanaoupenda wapo kila kona.

Katika kiwanja kimoja nje kidogo ya mji wa Muleba niliwakuta wavulana wakicheza kwa mpira uliofungwa kwa makaratasi na kamba za migomba. Mmoja wao, mwenye umri wa miaka kama 12, alikuwa na fulana ya Yanga iliyochujuka. Wakanisalimu kwa heshima, "Shikamoo, baba," nami nikaitikia. Tukazungumza habari za mpira. Kijana yule alinitajia kikosi kizima cha timu moja ya London, pamoja na walioumia na wa akiba. Mechi zake huzitazama katika kile kibanda cha televisheni ambacho wenyewe hukiita kibanda umiza, kwa jinsi watu wanavyobanana humo.

Nikamuuliza kipa wa Kagera Sugar ni nani. Akawatazama wenzake. Hakuna aliyejua.

"Ile ni timu ya kiwanda, baba," akasema kwa upole, kama mtu anayenisaidia nisiaibike.

"Umewahi kufika Kaitaba?"

"Bado. Baba aliwahi kwenda, siku Yanga walipokuja."

"Na wachezaji wa Kagera Sugar wakija kucheza hapa Muleba?"

Macho yake yakabadilika. "Hapa? Kwenye kiwanja hiki?" Akageuka kukitazama kiwanja chao, chenye magoli ya miti, kana kwamba anakipima. "Wakija, shule nzima itakuja."

Nilipiga hesabu nikiwa njiani kurudi. Siku Kagera Sugar walipoifunga Simba mbele ya Rais, mtoto yule alikuwa na umri wa miaka 5 hivi. Hakuona, na inaonekana hakuna aliyemsimulia. Mtoto wa Kagera anakua akijua siku kuu za watu wengine, lakini siku kuu ya kwao haijui. Hasara hiyo ni kubwa kuliko hasara ya tiketi mlangoni.

Wenzetu walifanyaje?

Pengine utasema kwamba Simba na Yanga, zilizoasisiwa katika miaka ya 1930, zina mizizi mirefu mno, na timu ya mkoani haiwezi kushindana nazo kwa mapenzi ya watu. Hoja hiyo ina uzito, lakini haijakamilika. Mbeya City, timu iliyoanzishwa na halmashauri ya jiji lake, iliingia Ligi Kuu msimu wa 2013/2014. Katika msimu huo wa kwanza ikamaliza ya 3, juu ya Simba. Vijana wa Mbeya waliijaza Sokoine, wakaisindikiza timu yao mikoani, kwa sababu waliambiwa na wakaamini kwamba timu ile ni ya mji wao. Baadaye nayo ilishuka daraja, lakini mwaka 2025 ilirejea.

Mwaka huo huo walirejea Mtibwa Sugar wa Turiani, ndugu zao Kagera Sugar kwa kazi ya sukari, ambao ni mabingwa wa Tanzania wa mwaka 1999 na 2000. Walikaa chini msimu mmoja tu. Mtibwa kwa miaka mingi wamejulikana kwa kulea timu ya vijana yenye nguvu, na penye timu ya vijana pana wazazi, na penye wazazi pana mashabiki. Kwa hiyo kushuka daraja si kifo, na jina la kiwanda si kikwazo.

Linaloweza kufanyika

Kwanza, timu na iwafuate watoto. Mtoto wa Muleba akitaka kwenda Kaitaba anahitaji nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, tiketi na mtu mzima wa kumsindikiza. Kwa familia nyingi jumla hiyo ni chakula cha siku. Lakini basi moja la wachezaji linaweza kufika Muleba, Kamachumu au Kyaka kwa mazoezi ya asubuhi moja na kuonwa na shule nzima. Katika ligi ya chini, ambako macho ya nchi yako kwingine, mchezaji anaweza kupata nafasi ya kusimama na watoto akawafundisha kupiga mpira kwa mguu wa kushoto.

Pili, Kaitaba iwe na mahali pa watoto. Mtoto aliyevaa sare ya shule na kuja na mzazi au mwalimu wake aingie bure, au kwa sarafu ndogo. Kiti kitupu hakiingizi hata senti, na mtoto anayekikalia leo ndiye atakayenunua tiketi kesho. Mapumziko ya mchezo nayo yanatosha kwa timu 2 za shule za msingi kucheza dakika 10 juu ya zile nyasi. Mtoto aliyewahi kukanyaga nyasi zile hatausahau uwanja ule.

Tatu, vijana wanaong'ara katika mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA wasiachwe wapotee. Kijana mmoja wa Muleba akisajiliwa katika timu ya vijana, kijiji kizima kitaanza kuuliza matokeo. Hakuna tangazo la redio linaloweza kufanya kazi hiyo.

Nne, na hili ni letu sisi wazazi, tuwasimulie. Siku ya 19 Mei 2018 isimuliwe jikoni ndizi zikichemka, na wakati wa kuchambua senene. Huna haja ya kumkataza mtoto asiipende Yanga au Simba. Mapenzi ya mpira yana nafasi ya timu mbili, ya taifa zima na ya nyumbani. Lakini ya nyumbani haitaingia moyoni mwake yenyewe kama hakuna mtu mzima aliyemshika mkono akampeleka. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Kabla sijaondoka

Siku ya kuondoka nilipita tena Kaitaba. Geti lilikuwa limefungwa na upepo wa ziwa ulikuwa ukivuma juu ya majukwaa matupu. Nje ya ukuta wavulana wawili walikuwa wakipigiana mpira. Mmoja akapiga juu sana, mpira ukavuka ukuta ukaangukia ndani. Wakabaki wamesimama, wakitazamana na kuutazama ukuta.

Mzee mmoja aliyekuwa akipita akawacheka, kisha akawaelekeza mahali pa kumpata mlinzi. "Nendeni mkamwombe awafungulie," akasema. "Uwanja ni wenu."

Wakaondoka mbio. Sikungoja kuona kama waliupata, kwa maana meli ilikwisha piga honi.