Utani na Kilindi

Ripoti za safari za utafiti wa bahari kuu huandikwa kwa lugha iliyokaukiwa na kicheko. Hapa Massachusetts, ambako nimeishi miaka mingi si mbali na bandari ya Woods Hole, nimejifunza zaidi kutokana na yale ambayo ripoti huyaacha nje. Kichekesho cha mwanasayansi hutunza jambo ambalo makala yake hulificha, nalo ni lile ambalo hakulitarajia.

Chukua kisa cha vodka. Mwezi Februari 1977, meli ya Knorr iliwapeleka wanajiolojia kwenye Ufa wa Galápagos, katika Pasifiki, kutafuta chemchemi za maji moto ambazo nadharia ilisema lazima ziwepo pale sakafu ya bahari inapotanuka. Jack Corliss na Tjeerd van Andel walishuka na rubani wao ndani ya Alvin, nyambizi ndogo ya watu watatu, hadi kina cha mita 2,500 hivi. Chemchemi walizikuta. Lakini walikuta pia makombe meupe makubwa na kaa, na katika mizamio iliyofuata minyoo mirefu yenye vichwa vyekundu kama damu: viumbe wasiohitaji mwanga wa jua, kwa kuwa riziki yao hutoka kwa bakteria wanaojipatia nguvu kutokana na haidrojeni salfaidi, ile gesi yenye uvundo wa mayai viza. Melini hapakuwa na mwanabiolojia hata mmoja. Fomalini ilikuwa kidogo mno, ikabidi viumbe wengine wahifadhiwe ndani ya vodka ya Kirusi iliyonunuliwa Panama.

Mimi hucheka kila nikisikia kisa hiki, kisha hunyamaza. Makala yaweza kuueleza ugunduzi kana kwamba ulikuwa ukingojewa. Chupa zile haziwezi. Hata jina la mojawapo ya maeneo hayo, Clambake, yaani karamu ya makombe ya ufukweni ipendwayo sana huku New England, lilizaliwa na mzaha. Picha za mwaka uliotangulia zilikuwa zimeonyesha makombe, na watu wakasema ni mabaki ya karamu yaliyotupwa kutoka melini.

Kisa kingine cha nyambizi hiyo hiyo kilitokea karibu na kwetu. Oktoba 1968, kusini mwa Cape Cod, nyaya zilizokuwa zikiiteremsha majini zilikatika. Watu watatu waliokuwa ndani walichupa nje wakanusurika. Alvin ikazama mita 1,500 hivi, ikakaa huko zaidi ya miezi 10. Ilipoopolewa mwaka 1969, mikate na matofaa ya chakula cha mchana yalikutwa yamelowa chepechepe lakini yanalika. Bila shaka mabaharia walitaniana sana juu ya mlo huo. Holger Jannasch, mtaalamu wa bakteria, hakuishia kucheka. Chakula kile kilipowekwa kwenye jokofu kiliharibika baada ya majuma machache. Basi mbona kilindini kilidumu? Majaribio yake yalionyesha kwamba bakteria wa huko hufanya kazi polepole mno, na hilo likawa onyo kwa waliodhani bahari ni jalala la kumeza kila taka. Miaka 10 baadaye mtu huyo huyo alikuwa akichunguza bakteria wa chemchemi za moto, ambao si wavivu hata kidogo.

Wapo wasomi wenzangu wasemao kwamba haya ni mapambo tu ya habari. Sikubaliani nao. Kwetu mtani si mchekeshaji wa kawaida. Ndiye anayejilaza kaburini akidai alipwe ndipo marehemu azikwe, na ndiye huyo huyo anayehangaika na maziko. Mzaha wake una kazi. Nawaona hivyo watu wa Alvin, wanaommwagia ndoo ya maji ya barafu kila anayerudi kutoka mzamio wake wa kwanza, na wanaokaa saa nane au zaidi katika tufe lisilo na choo, chupa ikiwa karibu. Mwaka 1979, katika bahari ya Mexico, kipimajoto walichokiingiza kwenye moshi mweusi wa chemchemi kilirudi na ncha iliyoyeyuka. Maji yale yalikuwa na joto la nyuzi 350 hivi, na mgandamizo ndio uliyazuia yasichemke. Madirisha ya Alvin nayo ni ya plastiki.

Jirani yangu, alipokuwa bado akifanya kazi melini, aliniletea kikombe cha plastiki ya povu akaniomba niandike neno la lugha yangu. Ni desturi yao: vikombe hufungwa nje ya nyambizi ndani ya mfuko wa wavu, na mgandamizo huvikamua hewa hadi vikawa vidogo kama kastabini. Nilifikiri siku mbili. Methali zilinijia, nikazikataa. Kilindi hakihitaji mawaidha. Nikaandika: Shikamoo. Nikamweleza kwamba ni salamu ya mdogo kwa mkubwa, na kwamba mkubwa hana budi kuitikia.

Kikombe kilirudi, herufi zimebanana lakini zinasomeka. Binti yangu, aliyezaliwa huku na ambaye Kiswahili chake hukitoa neno moja moja kwa shida, alikiweka sikioni kama afanyavyo kwa kombe la pwani. Akasikiliza muda mrefu.

“Baba,” akasema, “bado hajaitikia.”